Hata Kununa Hawaniachii

Jamani, mimi nikinuna huwa nataka ninune kwa utulivu. Sasa jaribu kushabikia Dallas Mavericks, timu ya mpira wa kikapu ya Marekani, uone. Hujamaliza kununia hili, wameshakuletea lile.

Juni 2024 tuko fainali ya NBA, ligi kuu ya kikapu ya huko. Sawa, Boston Celtics walitupiga nne kwa moja, lakini tulikuwa na Luka Dončić, kijana wa miaka 25, aliyeongoza ligi nzima kwa pointi msimu ule. Nikajisemea, hapa nimetulia mpaka nizeeke. Nikanunua na jezi namba 77.

Februari 2025 nasikia kapelekwa timu ya Lakers! Watu walidhani akaunti ya Shams Charania, mwandishi aliyetoa habari, imedukuliwa. Wapi! Tukapewa Anthony Davis wa miaka 31, Max Christie, na nafasi ya kuchagua chipukizi raundi ya kwanza mwaka 2029. Yaani mtu anakuswagia ng'ombe wa maziwa leo, anakuahidi ndama ambaye hata mimba yake haijatungwa.

Meneja mkuu, Nico Harrison, akasema ulinzi ndio unaoleta ubingwa. Haya, ulinzi. Mechi ya kwanza ya Davis, dhidi ya Houston, akafunga pointi 26 na kudaka rebaundi 16, yaani mipira iliyokosa kikapu. Nikaanza kulainika, nikasema huenda yule bwana katuzidi akili. Robo ya tatu Davis akaumia. Tangu hapo mama watoto akipita mbele ya televisheni lazima aulize:

"Baba watoto, huyo mrefu wa benchi ndiye mliyempata?"

"Anapumzika."

"Kwani kachoka na nini?"

Machi, nyota wetu mwingine, Kyrie Irving, akachanika ligamenti ya goti. Majeruhi wakajaa mpaka nikawa nawatazama wanaocheza kama mtu aliyekosea msiba: huyu nani, na yule wa nani? Na katikati ya balaa hilo wakatangaza kwamba tiketi za msimu unaofuata zitapanda bei. Ujasiri huo mimi sina, hata wa kuomba chumvi kwa jirani.

Aprili, Luka akaja Dallas na Lakers. Wakamwonyesha video ya kumbukumbu zake, akalia, na watu ukumbini wakalia. Kisha akapangusa machozi akatutwanga pointi 45. Tukamaliza msimu na ushindi 39, vipigo 43, Memphis wakatufungia mlango wa mchujo.

Nikasema afadhali, sasa niachwe ninune mpaka Oktoba. Mei wakaenda kwenye bahati nasibu ya drafti, ile ya kuamua timu ipi itangulie kuchagua chipukizi, na uwezekano wa asilimia 1.8. Wakashinda! Wakamchukua Cooper Flagg, kijana ambaye kila timu ilikuwa ikimmezea mate. Sasa uso niuweke wapi? Nikitabasamu, nimemsaliti Luka. Nikinuna, mama watoto ananiuliza kama na kushinda nako kunaniudhi.

Nikabakiwa na starehe moja tu, kupaza sauti pamoja na ukumbi mzima kwamba Nico afukuzwe. Koo lilishazoea, na lilikuwa limenipa hata usingizi mzuri. Novemba 11, 2025, tukiwa tumeshinda mechi tatu na kupoteza nane, wakamfukuza kweli. Sasa timu ikifungwa nabaki nimekodoa macho, mdomo wazi, simjui hata wa kumzomea.