Barua ya uzito

Mwaka jana ililetwa barua nyumbani kwangu hapa Leicester: binti yangu amepimwa shuleni, uzito umezidi. England watoto hupimwa uzito na urefu wakiwa na miaka 4 au 5, kisha tena 10 au 11. Nikampigia mama yangu kijijini Chamwino, Dodoma, nimenuna. Akacheka. "Mjukuu wangu anashiba, wewe unalia? Mshukuru Mungu, mwanangu."

Likizo fupi ya Februari tukaenda kumsalimia. Uani nikamsimamisha binti mgongo kwa mgongo na mtoto wa kaka yangu, wamepishana miezi miwili tu. Yule wa kijijini alimfika begani. Wala si kwamba amekonda; ukimkuta njiani utasema ni wa miaka saba, mzima kabisa. Udumavu ndivyo unavyojificha: mwili unaendana na kimo, kimo hakiendani na umri. Utafiti wa kitaifa wa 2022 ulikuta watoto 30 katika kila 100 walio chini ya miaka mitano nchini wamedumaa.

Februari kwetu mahindi bado yako shambani na ghala limebaki vumbi. Mtoto anatoka alfajiri na chai ya rangi tumboni, anarudi saa tisa. Makande ya shule yanategemea michango ya wazazi, na mwezi huo nani ana debe la kuchangia? Mwenye mia mbili ananunua barafu getini.

Kwa hiyo wenzangu wa ughaibuni mnaojisifu kwamba "sisi tulikula vya asili, hatukuwa na vitambi", tafadhali. Mimi nilikuwa mwembamba kwa njaa. Zile kilomita za kwenda shule hazikuwa mazoezi, zilikuwa njia.

Ila chakula chenyewe, kikiwepo, hakina ubaya. Huku nanunua unga wa uwele dukani kwa Mhindi, nasonga ugali, mlenda nimeubeba mkavu kwenye begi, karanga natwanga. Binti anauvuta mlenda kama uzi, anacheka, anaongeza. Kule nyumbani siku zote saba tulipikiwa wali na sembe nyeupe pee, soda pembeni, maana tumetoka Ulaya. Siku ya nne nikaomba ugali wa uwele.

Mama akaniita jikoni, akanong'ona: "Huko kazini wamekufukuza?"