Shujaa wa Levo ya 20 Hamfikii Yego

Wiki iliyopita nusura nizime kompyuta katikati ya mchezo wa Dungeons & Dragons (D&D), ule wa kuigiza mashujaa kwa kurusha dado. Tulikuwa kwenye daraja lililokatika, pengo la futi 25, na goblini wametujaa nyuma. Mwenzetu anayecheza mpiganaji, levo ya 9, alama za Nguvu 20, akasema: "Naruka." DM, yaani msimamizi wa mchezo, akapekua kitabu cha sheria, akasoma, akasoma tena, kisha akatoa hukumu: "Futi 20 tu. Zaidi ya hapo si uhalisia."

Zamu ikamfikia mchawi wetu. Mzee wa Nguvu 8, akibeba begi lake mwenyewe anatweta. Akatamka Fly, akapaa mpaka ng'ambo, akatupungia mkono. Hakuna aliyetaja uhalisia.

Basi tuuzungumze huo uhalisia, maana nimelala nao na kuamka nao.

Sheria ya toleo la tano, la 2014 na hata hili lililopigwa msasa mwaka 2024, ni kwamba ukitanguliza mwendo wa futi 10 unaruka futi sawa na alama zako za Nguvu. Na Nguvu za mpiganaji kwa kawaida zinagota kwenye 20. Futi 20 ni mita 6.1. Mike Powell, mwenye rekodi ya dunia ya kuruka mbali, aliruka mita 8.95 pale Tokyo mwaka 1991, na sijasikia kwamba aliwahi kuua joka. Mtaniambia mpiganaji amevaa deraya. Mvueni! Sheria haijali. Akibaki na bukta bado ni futi 20 zile zile, levo ya 1 au levo ya 20.

Twende kwenye mkuki. Mkuki wa kutupa kwenye D&D unafika futi 30 bila shida, na futi 120 kwa taabu, yaani unarusha dado mara mbili na kuchukua namba ndogo. Futi 120 ni mita 36 na ushee. Julius Yego, kijana wetu aliyejifundisha kurusha mkuki kwa kutazama video za YouTube, alitupa mita 92.72 kule Beijing mwaka 2015 akawa bingwa wa dunia. Mpeni mkuki huo Barbarian, shujaa wa ghadhabu, wa levo ya 20, ambaye kitabu cha 2014 kinampa Nguvu hadi 24, mtu anayepigwa shoka na jitu akacheka. Kikomo chake ni pale pale mita 36. Yego angeketi mezani kwetu angefukuzwa kwa kuharibu mizani ya mchezo.

Najua jibu lenu: Yego halengi shabaha, anatafuta umbali tu. Sawa. Ila kitabu hakisemi kwamba ukipita futi 120 kulenga kunakuwa kugumu. Kinasema huwezi kushambulia kabisa, hata kama unachokilenga ni lango la ngome lenye upana wa barabara.

Kwa shingo upande nakubali kwamba kuruka juu wamejitahidi. Nguvu 20 zinakupa futi 8, karibu mita 2.44, na rekodi ya dunia ya Javier Sotomayor ya mwaka 1993 ni 2.45. Hongereni. Mmemfikisha shujaa wa ngano hadi sentimita moja chini ya binadamu mwenye mifupa na kodi ya nyumba. Kwenye kunyanyua tena wamezembea. Kikomo cha mwenye Nguvu 20 ni ratili 600, kama kilo 272, wakati Hafþór Björnsson, mbabe wa Iceland, mwaka 2020 alinyanyua kilo 501 kutoka sakafuni mbele ya kamera.

Sasa sikilizeni hili, ndilo lililonipandisha presha. Katika kitabu cha 2024, uchawi unaoitwa Jump ni wa daraja la kwanza kabisa. Mchawi aliyeanza mchezo leo asubuhi anaugusa mwili wake, na kwa dakika nzima, kila zamu, anaruka futi 30 kwa kutumia futi 10 za mwendo wake. Futi 30 ni mita 9.14. Rekodi ya Powell imevunjwa na babu wa levo ya 1 mwenye kanzu na ndevu, na hakuhitaji hata kurusha dado.

Kwa hiyo naomba nisiambiwe tena kuhusu uhalisia. Huo ni ushuru, na anayetozwa ni mmoja. Mwenye uchawi anapitishwa mlango wa nyuma kwa kuwa "ni uchawi", na asiye na uchawi anapimwa kwa rula ambayo hata wanariadha halisi wameshaivunja. Mpiganaji wa levo ya 17 anapambana na majini yanayokula miji, halafu anaomba ruhusa ya kuruka mtaro. Mchawi wa levo hiyo hiyo ana uchawi wa Wish. Anatamani, inakuwa.

Watu wakisikia malalamiko haya hukimbilia hesabu za majeraha. "Mbona mpiganaji anapiga mapigo manne! Mbona ana Action Surge, tendo la ziada katika zamu!" Nani kasema hapigi? Anapiga sana, na joka likitua mbele yake litajuta. Shida ni saa tatu za mchezo ambazo hakuna wa kupigwa. Mlango umefungwa: Knock. Mji uko mbali: Teleport. Mfalme anaficha jambo: Detect Thoughts. Kila uchawi ni aya kitabuni inayosema hili linatokea, na DM hana la kusema. Mpiganaji hana aya. Ana swali, "DM, naweza kuji…?", na jibu lake linategemea DM kaamkaje siku hiyo. Nimewahi kukaa na DM aliyemwambia mpiganaji arushe dado ili apande kamba. Kamba! Yenye mafundo!

Wakongwe wa mchezo wana hoja yao na inabidi niwasikilize. D&D ilipotoka mwaka 1974 mchawi wa levo ya kwanza alikuwa na uchawi mmoja kwa siku, basi. Baadaye, enzi za toleo liitwalo AD&D, damu yake, yaani uhai wake, ilipimwa kwa dado dogo la pande nne, na akiguswa katikati ya kutamka, uchawi ulipotea hewani. Mpiganaji akifika levo ya 9 alijenga ngome na askari wakaja wenyewe kumtumikia. Yule alikuwa mtu! Alikuwa na jeshi. Toleo la tatu la mwaka 2000 likalegeza breki za mchawi moja baada ya nyingine, na jeshi la mpiganaji likageuka kipaji ambacho yeyote angeweza kukichukua, mchawi akiwemo. Tangu hapo tunazibaziba.

Toleo la nne, 2008, lilijaribu kweli. Kila mtu alipewa mbinu za kila zamu, za kila pambano na za kila siku. Mpiganaji alikuwa na moja iitwayo Come and Get It, anawavuta maadui wote wa karibu kisha anawafagia. Mashabiki wakapiga yowe: atawavutaje? Anawaingilia akilini? Watu hao hao jioni walikuwa wanawageuza wenzao vyura.

Kuhusu hesabu ya kitabu cha 2014 kwamba siku moja ya safari iwe na mapambano sita hadi manane ili uchawi umwishie mchawi: nionyesheni meza moja ya watu wazima wenye kazi inayofika sita. Sisi tukimaliza mawili tunashukuru. Na mbinu mpya za silaha za 2024, za kuangusha na kusukuma, ni nzuri, nazitumia, lakini zote ni za wakati wa kupigana tu. Nimeshasema kupiga hakukuwa tatizo.

Hata hivyo inawezekana. Pathfinder, mchezo mwingine wa aina hii, katika toleo la mwaka 2019 inamruhusu mtu aliyebobea kwenye riadha kuchukua kipaji cha Cloud Jump afikapo levo ya 15, na umbali wake wa kuruka unazidishwa mara tatu. Aliyefika kilele cha wepesi na ana kipaji cha Cat Fall anaanguka kutoka mawinguni, anatua kwa miguu, hachubuki. Hana uchawi, ni hodari tu. Na dunia haikuanguka.

Sisi tuliosimuliwa Fumo Liyongo tungepaswa kuwa wa mwisho kushangaa. Amefungwa gerezani, anapelekewa tupa ndani ya mkate, anakata minyororo huku ngoma inalia nje, anatoka. Akachomwa sindano ya shaba kitovuni na mwanawe, akachukua upinde, akaenda kisimani, akapiga goti, akavuta mshale, akafa hivyo hivyo. Na watu wakakosa maji kwa sababu hakuna aliyethubutu kumsogelea maiti. Tafsirini hiyo kwa lugha ya kitabu: hofu kwa mji mzima, kwa siku kadhaa, bila nafasi ya kurusha dado kujiokoa, na mwenyewe ameshakufa. Mtasema kitovu na sindano ya shaba ni mambo ya kiajabu. Ni kweli. Lakini nguvu zilikuwa zake, hakuna msimuliaji aliyemkatisha akasema leo nafasi zako za uchawi zimeisha, kalale kwanza.

Nikiendesha mimi, sheria ni hizi. Kuanzia levo ya 5, asiye na uchawi anaruka mara mbili ya kitabu, na kuanzia levo ya 11 mara tatu. Chochote cha kutupwa kwa mkono, umbali mara tatu kwa mwenye Extra Attack (pigo la ziada), kwa hiyo mkuki unafika futi 360, karibu mita 110, na ndiyo, hapo nimempita Yego kwa makusudi. Levo ya 9, mpiganaji akiingia mji ambao jina lake linajulikana, anapata watu 20 wenye silaha bila kurusha chochote. Mchawi bado ana Teleport yake na hajalia.

Kinachonisumbua bado ni Forcecage, uchawi wa kumfungia mtu ndani ya kizimba kisichoonekana. Kitabu kinasema njia isiyo ya uchawi haikutoi humo, mwisho wa habari, wakati mchawi aliyefungiwa anaweza walau kujaribu kujihamisha. Kwangu, mpiganaji wa levo ya 15 na kuendelea anapinda kizimba hicho kwa kipimo cha Nguvu cha 25, yaani jumla ya dado na nyongeza zake ifike 25, na akikosa anajaribu tena zamu inayofuata. Nimeambiwa 25 ni juu mno. Pengine. Kampeni ijayo nitashusha hadi 22 tuone.