Waya wa Ghuba upo, bei ndiyo haipo

Kiangazi cha mwaka 2024 Kuwait, nchi iliyokalia mafuta, ilinunua umeme kwa majirani. Makubaliano yalikuwa ya megawati 500 kuanzia Juni mosi hadi Agosti 31: megawati 300 kutoka Oman na 200 kutoka Qatar. Hata hivyo Juni hiyohiyo, joto lilipokaribia nyuzi 50, baadhi ya mitaa iliwekwa kwenye mgawo wa hadi saa mbili kwa siku.

Ni rahisi kuona hapo aibu ya Kuwait tu. Mimi naliona kubwa zaidi kuwa hizo megawati 300 za Oman kuweza kufika. Zinatoka gridi ya kaskazini ya Oman, zinavuka kwa laini ya kilovoti 220 hadi upande wa Al Ain, zinapita ndani ya gridi ya Falme za Kiarabu hadi kituo cha Al-Silaa, kisha zinaingia laini kuu ya kilovoti 400 inayokata mashariki mwa Saudia kupitia Salwa, Ghunan na Al-Fadhili mpaka Al-Zour, Kuwait. Tangu Jumuiya ya Nchi za Kiarabu ianzishwe mwaka 1945 maazimio ya umoja wa kiuchumi yametolewa mengi. Yaliyozaa kitu ambacho mtu anaweza kukisoma kwenye mita ni machache mno, na gridi hii ni mojawapo.

Mamlaka inayoiendesha gridi hii ya nchi sita za Ghuba, GCCIA, iliundwa mwaka 2001 na makao yake yako Dammam. Shabaha yake ya kwanza ilikuwa kugawana akiba. Biashara ilikuja nyuma. Mtambo mkubwa ukizimika ghafla, mzunguko wa umeme, yaani mara ambazo mkondo hugeuka kwa sekunde, unashuka chini ya hezi 50 ndani ya sekunde chache. Usipodhibitiwa mapema, vifaa vya ulinzi huanza kukata mtaa baada ya mtaa ili gridi iliyobaki isianguke yote. Kuzuia hilo, kila nchi hulazimika kuwa na mitambo inayozunguka bila kubeba mzigo wake wote, ikichoma gesi huku ikisubiri dharura. Kwa nchi ndogo kama Bahrain, ambako mtambo mmoja unaweza kuwa sehemu kubwa ya mahitaji ya taifa zima, gharama hiyo inauma kweli. Nchi sita zikishikana, mshtuko wa mtambo mmoja unasambaa kwa wote, na kila moja inaweza kupunguza mitambo ya akiba iliyokuwa ijengwe. Kumbuka pia kwamba maji ya kunywa ya Ghuba kwa sehemu kubwa ni ya bahari yaliyoondolewa chumvi. Umeme ukianguka kwa muda mrefu, na mabomba yanakauka.

Kikwazo cha kiufundi kilikuwa Saudia. Gridi yake inakwenda kwa hezi 60 wakati wenzake wote watano wako kwenye 50, na mifumo miwili ya mizunguko tofauti haiungwi moja kwa moja. Dawa yake ni kituo cha Al-Fadhili, ambacho hubadili mkondo geu (AC) kuwa mkondo mnyoofu (DC), kisha kuurudisha kuwa mkondo geu wa upande wa pili. Kina vitengo vitatu vya megawati 600, jumla 1,800. Kwa hiyo laini kuu ni ya hezi 50 hata inapopita juu ya ardhi ya Saudia, na Saudia yenyewe inaingia kupitia kituo hicho. Gharama yake ilikuwa kubwa, lakini kina faida ambayo waya wa kawaida hauna: kinaweza kuamriwa kisukume kiasi fulani tu cha umeme, na kuuongeza chenyewe mara mzunguko wa upande mmoja unapoyumba. Kuwait, Saudia, Bahrain na Qatar ziliunganishwa mwaka 2009, Falme za Kiarabu mwaka 2011.

Lakini sehemu ninayoiheshimu kuliko zote ni hesabu ya nani alipe nini. Kabla ya nguzo kusimamishwa, wahandisi walikadiria kila nchi itaepuka kujenga mitambo kiasi gani kwa kuwa imeunganishwa, na mchango ukapangwa kwa kufuata faida hiyo. Saudia ikabeba asilimia 31.6, Kuwait 26.7, Falme za Kiarabu 15.4, Qatar 11.7, Bahrain 9 na Oman 5.6. Tazama Kuwait: inalipa zaidi ya Falme za Kiarabu ingawa uchumi wake ni mdogo, kwa sababu ndiyo iliyotarajiwa kunufaika zaidi. Hakuna aliyeombwa kuchangia kwa ajili ya udugu. Miradi ya pamoja inayogawa gharama sawasawa, au kwa ukubwa wa uchumi, humpa kila waziri wa fedha sababu ya kuchelewesha malipo. Huu ulimpa sababu ya kulipa.

Linganisha na Eneo Kuu la Biashara Huria la Kiarabu. Lilianza Januari 1998, ushuru ukapunguzwa hatua kwa hatua hadi kufutwa mwaka 2005. Sharti la jumla ni bidhaa iwe na angalau asilimia 40 ya thamani iliyoongezwa ndani ya eneo. Ushuru ulifutwa kweli, ila kanuni za asili ya bidhaa zikabishaniwa miaka mingi, malori yakaendelea kukaguliwa na kupakuliwa mipakani, na biashara ya Waarabu kwa Waarabu imebaki karibu sehemu moja ya kumi ya biashara yao yote.

Sasa tatizo la gridi. Kwa dharura inafanya kazi vizuri. Kwa biashara ya kila siku imetumika chini sana ya uwezo wake. Kwa miaka mingi sehemu kubwa ya ubadilishanaji ilifanywa umeme kwa umeme: unanisaidia leo, nakurudishia uniti zilezile msimu huuhuu. Sababu ni kwamba hakuna aliyetaka kutaja bei. Kuwait imewauzia raia wake umeme wa nyumbani kwa fils 2 kwa uniti tangu mwaka 1966, yaani chini ya senti moja ya dola. Saudia iliwauzia wazalishaji wake gesi kwa senti 75 za dola kwa kila uniti milioni za joto hadi mwisho wa 2015, kisha dola 1.25. Nchi inayofua umeme kwa gesi yenye ruzuku ikimuuzia jirani kwa gharama yake ya vitabuni, inamhamishia jirani ruzuku ya raia wake. Ikitaka bei halisi ya gesi, jirani anaona ni afadhali achome mafuta yake mwenyewe, kwani vitabuni kwake nayo yanaonekana rahisi. Pande zote mbili zinapoteza, na hakuna pa kuiona hasara hiyo.

Sipendekezi Kuwait ipandishe bei ya nyumbani kesho asubuhi. Hilo ni jambo la kisiasa, na familia zina haki ya kuuliza fedha za mafuta zinakwenda wapi. Linalowezekana bila kugusa bili ya mtu yeyote ni bei ya mpakani: umeme unaovuka uhesabiwe kwa thamani ambayo mafuta au gesi iliyochomwa ingepata sokoni, na ruzuku ibaki suala la kila serikali na raia wake.

Hata bei ikipatikana, nchi sita za Ghuba zina udhaifu mmoja: zote huwasha viyoyozi miezi ileile. Wote wanapohitaji, nani auze? Ndiyo maana kiungo cha Misri na Saudia kina maana kuliko ukubwa wake unavyoonyesha. Mikataba ya ujenzi ilitiwa saini Oktoba 2021: megawati 3,000, mkondo mnyoofu wa kilovoti 500, kutoka Badr karibu na Cairo, chini ya Ghuba ya Aqaba, hadi Tabuk na Madina. Kilele cha Saudia ni alasiri, cha Misri ni baada ya jua kuzama. Mitambo ileile inaweza kuhudumia vilele viwili siku moja.

Anayedhani kwamba kila kiungo kipya ni faida aangalie Libya na Tunisia. Morocco imeunganishwa na Hispania tangu 1997, na kupitia hapo Algeria na Tunisia zinakwenda pamoja na gridi ya Ulaya. Upande wa mashariki, Libya ilikuwa imeungana na Misri, Jordan na Syria. Mwaka 2005 yalifanyika majaribio ya kuzishika pande hizo mbili kwa laini za Libya na Tunisia. Laini hazikuhimili umeme uliokuwa ukiyumba kwenda na kurudi baina ya mifumo miwili mikubwa, na vifaa vya ulinzi vikazitenganisha baada ya dakika chache. Gridi zinazotunza mzunguko kwa nidhamu tofauti haziwezi kufungwa kwa kamba nyembamba. Ama uzifundishe nidhamu moja kwanza, ama uweke kituo cha mkondo mnyoofu katikati.

Kuna swali la siasa pia, na jibu lake halipo kwenye hotuba. Juni 2017 Saudia, Falme za Kiarabu na Bahrain zilifunga mipaka na anga dhidi ya Qatar. Bomba la Dolphin, linaloleta gesi ya Ras Laffan, Qatar, hadi Taweelah, Abu Dhabi, chini ya bahari, halikufungwa hata siku moja kwa sababu ya mgogoro huo, na Qatar haikung'olewa kwenye gridi. Lakini Oktoba 31, 2021 Algeria iliacha kupitisha gesi Morocco na bomba la Maghreb kwenda Ulaya likanyamaza. Tofauti ni nini? Falme za Kiarabu hazikuwa na gesi nyingine ya kujaza pengo haraka, na asilimia 51 ya kampuni ya Dolphin ni mali ya Abu Dhabi. Algeria kwa upande wake ilikuwa na bomba jingine la moja kwa moja hadi Hispania. Kuikata Morocco hakukuigharimu sana.

Lebanon inaniuma zaidi. Januari 2022 ilitia saini na Jordan kupata megawati 150 kuanzia usiku wa manane hadi saa 12 asubuhi na 250 saa zilizobaki. Juni ikafuata mikataba ya gesi ya Misri, mita za ujazo milioni 650 kwa mwaka, kwa ajili ya mtambo wa Deir Ammar. Waya ulikuwapo, bomba lilikuwapo, na umeme wa serikali ulikuwa wa saa chache tu kwa siku. Hakuna uniti iliyofika. Benki ya Dunia, iliyotarajiwa kutoa mkopo wa kugharimia, ilisubiri mageuzi ya Lebanon. Misri ilisubiri hakikisho la kutosha kwamba kupita Syria hakutaiingiza kwenye vikwazo vya Marekani. Novemba 2022 Lebanon ilipandisha bei hadi senti 10 za dola kwa uniti 100 za kwanza na senti 27 kwa zinazozidi, ikilipa gharama ya kisiasa, na bado mkopo haukutoka. Masharti yalipangwa kiasi kwamba kila mmoja alingoja mwenzake aanze. Ingewezekana kuanza na umeme wa Jordan peke yake kwa miezi mitatu, fedha zikiwa zimeshawekwa kwenye akaunti inayoshikwa na upande wa tatu.

Desemba 2024 huko Cairo nchi kadhaa zilitia saini makubaliano ya Soko la Pamoja la Umeme la Kiarabu. Nitayapima kwa mambo manne: ada ya kupitisha umeme ndani ya nchi ya tatu iwe imechapishwa, bei ya mpakani isiwe na ruzuku, malipo yafanywe kila wiki, yakiwa na dhamana iliyowekwa mapema, na msuluhishi awe na muda maalumu wa kutoa uamuzi. Bei ya mpakani si ndoto. Misri, Libya na Sudan ni wanachama wa Umoja wa Gridi za Afrika Mashariki pamoja na Kenya, Tanzania na Uganda, na humo Ethiopia inaiuzia Kenya umeme kwa laini ya kilovoti 500 yenye urefu wa kilomita 1,045. Mkataba ni wa miaka 25, megawati 200 kwa miaka mitatu ya kwanza kisha 400, kwa senti 6.5 za dola kwa uniti. Nchi zenye fedha kidogo kuliko Ghuba zimekaa mezani na kuiandika bei.