Muhogo hauna dawa ya kupulizia, tuanzie kwenye pingili

Juzi nilikuwa shambani kwa bibi, Mkuranga, tukang'oa muhogo mmoja ambao majani ya juu yamestawi kabisa, ungesema mwaka huu tumepata. Kuja kuukata, ndani madoa ya kahawia, makavu magumu, bibi akawa anachonga pembeni anaokoa vipande vyeupe vya kutia sufuriani, zaidi ya nusu ikatupwa.

Jirani akauliza lile swali la kila mtu, dawa yake ya kupulizia ipi? Hamna jamani. Ugonjwa huu, michirizi kahawia, ni virusi, viko ndani ya mti wenyewe, inzi weupe wanavisambaza hapa na pale ila safari ndefu za kijiji hadi kijiji tunavibeba sisi kwenye pingili, vile vipande vya shina tunavyopanda, na hapo ndo panaponiuma maana kupeana mbegu ya muhogo ni undugu, nani atamnyima jirani?

Na utafiti wake sio wa jana. Mtafiti mmoja, Storey, aliuandika ugonjwa huu mwaka 1936 akiwa Amani, Tanga, na hukohuko watafiti wakauzalisha muhogo na ndugu yake wa porini, ule mti wa mpira, afu wakarudia tena na tena kuurudisha kwenye muhogo, kazi ya miaka mingi yaani. Ndo ikapatikana mbegu ya Namikonga, Wakenya wa pwani wanaiita Kaleso, na hata wataalamu wa leo wanaitumia kama mzazi wakitafuta mbegu inayostahimili. Kazi ya zamani hivyo na bado inatulisha! Kwa hiyo mi hela yoyote ya serikali bora iende huko, kwa watafiti na kwa wazalishaji wa pingili vijijini ambao TOSCI, taasisi ya serikali ya kuthibitisha mbegu, inawakagua mashamba, kuliko kwenye sumu ambayo haimponyi muhogo hata mmoja.

Wakati tunasubiri, kuna kitu unaweza kufanya sasa hivi. Wengi wetu tunaangalia majani ya kileleni kwa sababu batobato, ule ugonjwa mwingine wa muhogo, inaonekana huko, kumbe michirizi inajionyesha kwenye majani ya chini yaliyokomaa, umanjano unafuata mishipa ya jani. Tukija kukata mbegu majani hayo yameshapukutika, hujui unachobeba. Chagua mapema, mti ukiwa bado na majani.

Sisi tulizunguka shamba zima na bibi tukainama mti kwa mti, mashina yasiyo na dalili tukayafunga vitambaa vya kanga kuukuu. Yametoka mashina 11. Jirani kaomba pingili, bibi kamwambia asubiri za hayo 11.