Kusafiri Peke Yako, Ndani ya Kundi

Wapo wanaosema kwamba ukishajiunga na msafara wenye kiongozi, huna tena haki ya kujiita msafiri wa peke yako. Umebebwa, wanasema, umemlipa mtu akufikirie. Maneno hayo husikika zaidi kwa watu wenye likizo ndefu, au wenye mwenza wa kumwachia begi wakienda msalani. Sisi tunaokwenda nchi ngeni bila mume, mke, ndugu wala rafiki tunajua kuwa kuona vivutio ndiyo sehemu rahisi. Shughuli iko kwenye kula chakula cha jioni ukiutazama ukuta kila siku, kufika stendi usiku usijue pa kuelekea, na kubishana na dereva wa teksi kwa ishara za mikono wakati usingizi umekulemea. Kundi dogo linakuondolea hayo, na yaliyobaki ni yako.

Kwangu mimi, basi, msafara wa watu 12 hivi wenye kiongozi mzuri ni njia halali kabisa ya kusafiri peke yako. Sharti ni moja: usiuchague kwa picha. Mlima ni uleule kwa kampuni zote, na magofu hayabadiliki kwa sababu umelipa zaidi. Tazama idadi ya watu, chumba, na saa za bure, mambo ambayo kwa kawaida huandikwa chini kabisa, kwa herufi za kutafuta miwani.

Kejeli dhidi ya misafara zina ukoo mrefu. Julai 5, 1841, Thomas Cook aliwapandisha watu wapatao 500 kwenye treni kutoka Leicester hadi Loughborough, Uingereza, kwa shilingi moja kila mmoja, wakaenda kwenye mkutano wa kupinga ulevi. Baadaye misafara yake ilipovuka bahari hadi Ulaya bara, waandishi wa siku hizo waliwacheka wateja wake kama kundi linaloswagwa. Lakini miongoni mwao walikuwemo wanawake wengi wasio na mume wala kaka wa kuwasindikiza, katika enzi ambayo safari kama hiyo iliwazulia maneno. Waliocheka walikuwa na njia nyingine ya kusafiri. Wale wanawake hawakuwa nayo.

Na zipo sehemu ambako mjadala wenyewe hauna maana, kwa sababu sheria imeshaamua. Njia ya Inka ya kwenda kwa miguu hadi Machu Picchu, magofu ya kale nchini Peru, haipitiki bila mwongozaji mwenye leseni. Vibali ni 500 kwa siku, wapagazi na waongozaji wakiwemo katika hesabu hiyo, na kila Februari njia hufungwa. Nepal nayo ilitangaza kwamba kuanzia Aprili 1, 2023 wageni wanaotembea katika njia zake za milimani wawe na mwongozaji, ingawa kanuni hiyo haifuatwi kwa ukali uleule kila mahali. Penye masharti kama hayo, anayekwenda peke yake anabeba gharama ya mwongozaji mzima, na aliye kwenye kundi anaigawana na wenzake.

Bhutan ndiyo nchi iliyosema wazi kuliko zote kwamba aliye peke yake atalipa zaidi. Hadi mageuzi ya 2022, mgeni wa peke yake alitozwa dola 40 za ziada kwa kila usiku. Wakiwa wawili, dola 30 kila mmoja. Wakifika watatu, tozo ikaondoka. Unaweza kuichukia, lakini angalau iliandikwa. Kampuni nyingi za safari hufanya jambo hilohilo kimyakimya. Bei unayoiona kwenye tangazo ni ya "kila mtu, wawili chumba kimoja". Ukija peke yako na ukataka mlango wako, unaongezewa ada ya chumba cha mtu mmoja, na mara nyingine ada hiyo inakaribia kuwa bei ya mtu wa pili ambaye hayupo. Hoteli zina hoja yao, maana chumba ni chumba, kiwe na kichwa kimoja au viwili. Bado inaudhi kulipia kitanda kisicholaliwa na kifungua kinywa kisicholiwa.

Misafara mingi ya makundi madogo ina suluhisho: wanakupanga chumba na mgeni mwingine wa jinsia yako, bila ada. Watu huliogopa hilo kuliko inavyostahili. Wengi mnaopangwa pamoja mmechoka kiasi kwamba hamna nguvu ya kugombana, na mwenzako wa chumba ndiye wa kwanza kugundua kwamba hujaonekana basini. Hata hivyo, kwa safari inayozidi wiki moja mimi hulipia chumba changu, na nikiona ni ghali sana, nachagua safari fupi zaidi. Kukaa na watu mchana kutwa kunahitaji mlango wa kufunga usiku. Kama unakubali kushea, uliza kitakachotokea iwapo hakuna mwenzako wa kupangwa naye. Zipo kampuni zinazokuachia chumba bure, na zipo zinazokudai ada ileile uliyoikwepa.

Jingine la kuuliza kabla ya kununua tiketi ya ndege: msafara umeshathibitishwa? Safari nyingi za kundi zina idadi ya chini ya abiria, na isipofika safari inaweza kufutwa. Kwa kampuni zilizo chini ya sheria ya Umoja wa Ulaya ya vifurushi vya safari, ya mwaka 2015, safari inayozidi siku 6 inaweza kufutwa kwa sababu hiyo hadi siku 20 kabla ya kuondoka, na unarudishiwa ulichoilipa kampuni, bila fidia. Ndege uliyoinunua mwenyewe pembeni haimo. Ndiyo maana siku 20 si nyingi kama zinavyosikika. Mengine unayajua: pasipoti yenye uhai wa kutosha, viza, bima inayogharamia kukusafirisha ukiugua mbali na hospitali.

Jioni ya kwanza ina sura yake. Kiongozi anaitisha kikao ukumbini hotelini, watu wanaketi wakiacha kiti kimoja kati yao, kila mtu ameinamia simu. Fomu inazunguka: namba ya bima, mzio, jina la wa kupigiwa simu likitokea la kutokea. Hapo kwenye mstari wa mwisho utawaona wasafiri wa peke yao wakisita kidogo na kalamu, wakifikiria ni nani hasa wamwandike. Nikiwaona hao, huwa nafarijika, maana najua meza ya chakula haitakuwa ya wanandoa watupu. Kundi la jozi tano na wewe mmoja ni upweke wenye tiketi ya kikundi. Kampuni nyingi zitakuambia waliojiandikisha wangapi wako peke yao, na umri wao kwa makadirio, ukiuliza kwa adabu. Wengi hawaulizi.

Basi dogo nalo lina siasa zake. Kuna atakayekimbilia kiti cha mbele kila asubuhi kwa kisingizio cha kichefuchefu, na kuna atakayechelewa kwa dakika kumi zilezile kila siku. Kiongozi hodari hulimaliza siku ya pili kwa kutangaza kwamba viti vinazunguka na gari linaondoka kwa saa, si kwa mtu. Kiongozi dhaifu huwaachia abiria wamalizane, nao hawamalizani. Kwenye watu 12 hilo ni kero. Kwenye watu 40 nadhani ni sababu ya kubaki nyumbani. Hapo ndipo ukubwa wa kundi unapouzidi ubora wa hoteli kwa mbali.

Lakini kipimo changu kikubwa ni saa za bure. Ratiba ikiwa imejaa kutoka alfajiri hadi usiku, kila mlo umelipiwa na kila duka limechaguliwa, mimi siiti hiyo thamani ya pesa. Nataka alasiri mbili tatu ambazo kiongozi anasema "tukutane saa moja jioni" kisha anatoweka. Hapo nakaa kwenye benchi niliyoipenda muda wote ninaotaka, napotea kidogo, nakula nisichokijua jina. Na usiku najua kuna meza yenye kiti changu na mtu atakayeniuliza nilikuwa wapi.

Kwa hiyo kabla ya kulipa, huwa naiandikia kampuni barua pepe fupi: kundi haliwezi kuzidi watu wangapi, wangapi wanakuja peke yao, chumba kinakuwaje, na ni saa ngapi za ratiba ambazo hazina kitu. Ikinijibu kwa kunitumia brosha ileile niliyokwisha kuisoma, hela yangu haiioni.