Rangi za uso za watoto: risasi inatutisha, sponji inatuponyoka

Mwaka 2009 shirika la Campaign for Safe Cosmetics la Marekani lilipeleka maabara aina 10 za rangi za uso za watoto. Zote 10 zilikutwa na madini ya risasi. Sita zilikuwa pia na nikeli, kobalti au kromiamu. Tangu hapo wazazi wamegawanyika. Wapo walioapa kwamba mwanao hatachorwa hata nukta puani, na wapo wanaojibu kuwa wao walichorwa utotoni na bado wanadunda.

Wenye hofu hawajatunga uongo. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi kinachojulikana kuwa salama, na mtoto mdogo anapoimeza, mwili wake hufyonza mara nne hadi tano zaidi ya mtu mzima. Tena madini haya hayawekwi kwa makusudi. Huja kama uchafu uliojificha ndani ya malighafi ya rangi, kwa hiyo hayaandikwi kwenye lebo. Mzazi anaweza kusoma lebo nzima kwa miwani asiyaone. Neno "asilia" nalo halimsaidii, maana risasi na nikeli vyenyewe vinatoka ardhini, na udongo wa rangi unaweza kuja navyo.

Ila tupige hesabu. Rangi iliyokuwa na risasi nyingi zaidi katika vipimo vile ilikuwa na sehemu 0.65 kwa milioni. Tuseme uso umetumia gramu moja ya rangi hiyo: hapo pana mikrogramu 0.65 za risasi. Risasi ya namna hii hupenya kwa shida sana kwenye ngozi isiyo na jeraha. Njia yake kuu ni mdomo. Basi tuseme mtoto amelamba sehemu ya kumi ya rangi (na nani amewahi kuona paka wa kuchorwa asiyejilamba masharubu?). Amemeza mikrogramu 0.065. Mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, FDA, inapokagua risasi katika vyakula vya watoto hutumia mikrogramu 2.2 kwa siku kama kiwango cha kujipimia. Mlambo wetu haufiki hata asilimia tatu ya hapo.

Kwa sherehe moja kwa mwaka, mimi silali macho kwa sababu hiyo. Lakini hesabu hii ni ya kopo lililopimwa, si ya kila kopo. Ujerumani, kwa mfano, mamlaka zake zinakubali hadi miligramu 5 za risasi kwa kilo (yaani sehemu 5 kwa milioni) katika rangi za jukwaani na za kanivali, wakati vipodozi kwa jumla vinaishia 2. Rangi yenye miligramu hizo 5, mlambo uleule unafika karibu robo ya kiwango cha siku. Na mtoto wa kikundi cha ngoma au sarakasi anayepakwa kila wiki si sawa na anayechorwa kipepeo siku yake ya kuzaliwa tu.

Hesabu ya mlambo inakwama kabisa tukifika kwenye nikeli. Hii haihitaji kumezwa. Ngozi yenyewe ndiyo mlango. Katika ripoti ileile, nikeli na wenzake wawili walipatikana kwa viwango vya kati ya sehemu 1.6 na 120 kwa milioni. Mwili ukishajifunza kuikataa nikeli, mzio huo kwa kawaida hauondoki: hereni zitawasha, kifungo cha suruali kitawasha, bizimu ya mkanda itawasha.

Mwaka huohuo wa 2009 kulitokea jambo jingine ambalo halisimuliwi sana. Rangi fulani za uso ziliondolewa sokoni Marekani baada ya watoto waliopakwa kupata vipele, muwasho, ngozi kuwaka moto na kuvimba. FDA ilipozichunguza, ilikuta vijidudu vimejaa. Kwa hiyo wakati watu wazima wakibishana kuhusu madini, watoto walioumia mbele ya macho yao walikuwa na kesi na bakteria.

Na bakteria hao hawangoji kiwandani. Kopo safi kabisa likifika kwenye sherehe linakutana na sponji moja, kikombe kimoja cha maji na nyuso thelathini. Mtoto wa tatu ana macho mekundu, wa saba ana kidonda chenye magamba ya manjano pembeni ya mdomo, na sponji inapita kwa wote ikiwa na unyevunyevu ambao vijidudu wanaupenda. Dawa yake ni rahisi mno: kila mtoto na sponji yake, maji yabadilishwe, brashi zioshwe, mwenye kidonda asipakwe. Kuna wachoraji wanaowarudisha watoto wenye vipele, na wazazi huwanunia. Mimi ningemwajiri huyohuyo.

Kisha kuna vitu ambavyo si rangi za uso kabisa. "Isiyo na sumu" kwenye rangi ya kuchorea shuleni inazungumzia kazi za sanaa, si shavu la mtoto; rangi ya akriliki hukauka kama gome na kubanduka na ngozi. Vimetameta vya kupambia kadi vinaweza kukwaruza jicho. Piko, hina nyeusi ya haraka, mara nyingi ina PPD, kemikali ambayo Ulaya inairuhusu kwenye rangi ya nywele kwa kiasi kisichozidi asilimia 2, na hairuhusu ipakwe kwenye ngozi. Kwa hivi sioni cha kujadili.

Kwa rangi iliyotengenezwa kwa ajili ya ngozi, yenye orodha ya viambato na tarehe ya mwisho, mimi naruhusu. Nukta moja ndani ya mkono, nasubiri saa 24. Aliye chini ya miaka mitatu nachora mkono wake, uso nauacha. Kope na midomo siigusi. Ubishi mkubwa unaobaki ni wa saa mbili usiku, simba anapokataa katakata kunawa kwa sababu anataka kulala akiwa simba.