Wasomi na kampuni ndani ya ICFP: nani amfuate mwenzake?

Kila mwaka tangu 1996, watafiti na watumiaji wa lugha za programu za kifunksheni hukutana kwenye mkutano unaoitwa ICFP (International Conference on Functional Programming). Mwaka 2024 ulifanyika Milan, 2025 Singapore. Kwa asiyeijua fani hii: programu ya kifunksheni hujengwa zaidi kwa funksheni ambazo ukizipa kitu kilekile zinakurudishia jibu lilelile, bila kuchezea kitu kingine pembeni. Lugha za Haskell, OCaml na Erlang ni za ukoo huo. Ukumbini utakuta maprofesa wa vyuo vikuu vya Edinburgh na Chalmers wamekaa na wahandisi wa kampuni kama Jane Street, ambayo biashara yake ya masoko ya fedha inaendeshwa kwa OCaml.

Mvutano wao ni wa siku nyingi. Kuna wanaolalamika kwamba mkutano umejaa mathibitisho ya kihisabati kuhusu vijilugha vya karatasini, ambavyo hakuna seva hata moja itakayowahi kuviendesha. Wengine wanajibu kwamba kampuni zikishika usukani, kila utafiti utageuka kuwa wa kuzima moto wa robo mwaka hii. Mimi naona kila upande una haki kwenye jambo lake: kampuni ndizo zinazolijua tatizo, ila hazijui jibu litatokea wapi.

Chukua QuickCheck. Mwaka 2000, Koen Claessen na John Hughes wa Chalmers, Sweden, walikuja ICFP na chombo kidogo cha Haskell chenye jina hilo. Kwa kawaida mwandishi wa programu huandika majaribio moja moja: ukiingiza 2 na 3, upate 5. QuickCheck inakutaka uandike kanuni: orodha yoyote, ukiipindua mara mbili, irudi ilivyokuwa. Chombo chenyewe kinatunga orodha 100 za kubahatisha kikiwinda ile itakayoivunja kanuni yako. Matoleo ya baadaye yakiipata, huipunguza hatua kwa hatua mpaka kibaki kipande kidogo kabisa ambacho bado kinaleta kosa.

Hughes na Thomas Arts wakaanzisha kampuni, Quviq, wakakipeleka chombo hicho kwenye Erlang. Klarna, kampuni ya malipo ya hukohuko Sweden, ilikuwa na kosa lililowatoa jasho. Hifadhidata yao iliyotumia dets, sehemu ya Erlang inayotunza data kwenye faili, ilikuwa inalalamika kwamba ndani mna kitu kilichoharibika, kisha inatulia kwa muda mrefu, kisha inalalamika tena. Wahandisi walikuwa na nadharia zao, mojawapo kwamba shida inaanza faili likizidi gigabaiti moja. Walitumia zaidi ya wiki sita kusaka. QuickCheck ilipoelekezwa huko, ilionyesha kosa likitokea kwenye faili lenye rekodi moja tu, kwa amri tano au sita, pale michakato, yaani sehemu za programu zinazoenda sambamba, inapoligombania faili kwa wakati mmoja. Nadharia ya ukubwa ikafa hapohapo.

Ukitazama hapo, Klarna isingeitunga QuickCheck. Sioni meneja ambaye angelipa mishahara ya watu wawili wakae wafikirie namna ya kutunga orodha za kubahatisha. Chalmers nao, wakiwa peke yao, wasingejua kwamba dets ina mgonjwa ndani. Anayesema wasomi wa fani hii hawana faida aanze kwa kulieleza hilo.

Ila kuna kisa kingine kisichowapendelea wasomi hivyo. Erlang, iliyozaliwa Ericsson, kampuni ya mitambo ya simu ya Sweden, ndiyo lugha iliyoibeba WhatsApp. Facebook ilipotangaza mwaka 2014 kuinunua kwa dola bilioni 19 hivi, WhatsApp ilikuwa na wafanyakazi 55 na watumiaji wapatao milioni 450. Kamati yako ya harusi, kikoba chenu, kundi la wazazi wa shule, vyote vinapita humo. Sasa, katikati ya miaka ya 1990, msomi wa lugha za programu Philip Wadler alimpigia simu Joe Armstrong wa Ericsson, mmoja wa waliounda Erlang, na kumwambia kwamba Erlang inahitaji mfumo wa aina, yaani ukaguzi unaokamata kosa mapema, kwa mfano umepeleka maneno panapotakiwa namba, kabla programu haijamfikia mteja. Wadler na Simon Marlow wakaifanya kazi hiyo na kuiwasilisha ICFP 1997. Hisabati ilisimama vizuri. Lakini mfumo wao haukugusa michakato na ujumbe inayotumiana, na kuiondoa hiyo kwenye Erlang ni kuondoa sababu ya watu kuichagua. Watumiaji wakaendelea na shughuli zao.

Baadaye watafiti wa Chuo Kikuu cha Uppsala, Sweden, wakaja na Dialyzer, wakiwa wamegeuza swali. Chombo chao hakimdai mwandishi abadilishe chochote kwenye msimbo wake. Kinanyamaza mpaka kiwe na hakika kwamba hapa pana kosa, ndipo kinasema. Dialyzer ikakubalika, na leo inakuja pamoja na Erlang yenyewe. Kisha, katika miaka ya 2020, WhatsApp wakatoa kikagua aina chao cha Erlang, eqWAlizer.

Mtu wa kampuni anakisoma kisa hiki kama ushahidi kwamba wasomi walikuja na walichokuwa nacho mkononi, wala hawakuuliza kinachotakiwa. Msomi anakisoma kinyume: miaka 25 imepita, na mmerudi wenyewe kwenye wazo tulilowaambia. Nikilazimishwa kuchagua, nitasimama na wa Uppsala, kwa sababu nao walikuwa wasomi. Usomi wa wale wa 1997 haukuwa kosa. Walichokosea ni kudhani kwamba mazoea ya watu wenye mistari laki kadhaa ya msimbo ni jambo dogo.

Hata hivyo, sheria ya kuwauliza watumiaji kwanza ingekuwa balaa. Hakuna mwandishi wa Java aliyeandamana kudai funksheni zisizo na jina, na bado zikaingia kwenye Java 8 mwaka 2014, zikiwa zimetokana na kazi ya mwanahisabati Alonzo Church ya miaka ya 1930. Aina zenye vigezo (kwa mfano, orodha inayotaja ni ya vitu gani), zilizoingia Java mwaka 2004, zilitokana na mradi wa watafiti wa lugha za programu wa ukoo huuhuu, Wadler na Martin Odersky wakiwamo. Lugha ya Rust, inayosifiwa kila kona siku hizi, ilikuwa na kikompaila chake cha kwanza (programu inayogeuza msimbo uweze kuendeshwa na kompyuta) kilichoandikwa kwa OCaml. Mhakiki wa makala anayeuliza kila ukurasa "mteja wako ni nani?" angeyakata mengi ya haya yakiwa bado machanga.

Wala mpaka wenyewe kati ya kambi hizi si safi kama unavyosimuliwa. GHC, kikompaila kikuu cha Haskell, kilianzia Chuo Kikuu cha Glasgow, lakini Simon Peyton Jones, mmoja wa waundaji wake, alihamia maabara ya utafiti ya Microsoft mwaka 1998 na kukilea akiwa huko kwa zaidi ya miaka 20, kabla ya kwenda Epic Games, kampuni ya michezo ya video. Kwa hiyo kampuni ililipia lugha ambayo haikuwa bidhaa yake. Ukarimu wa namna hiyo ni adimu, na huwa unategemea meneja mmoja mwenye subira.

Linalonipa wasiwasi zaidi ni ushahidi. Facebook walikuja ICFP 2014 na makala kuhusu Haxl, maktaba ya Haskell (yaani msimbo ulio tayari kutumiwa na programu nyingine) inayopanga maombi ya data yaende kwa pamoja. Mwaka uliofuata wakatangaza kwamba mfumo wao wa kuchuja barua taka uliojengwa juu yake unahudumia maombi zaidi ya milioni moja kwa sekunde. Wazo la Haxl unaweza kulisoma na kulijaribu. Namba ile huwezi, maana seva ziko kwao. Siku hizi mkutano unakagua programu zinazoambatana na makala, na ni hatua nzuri, lakini hakuna mhakiki atakayeletewa kituo kizima cha data mezani. Tunabaki kuamini.

(Makala zenyewe tangu 2017 zinasomwa bure mtandaoni, jambo la maana kwa mwanafunzi wa Dar es Salaam au Kampala. Kukaa ukumbini ni habari nyingine: mkutano haujawahi kufanyika Afrika, na viza ya Ulaya mnaijua.)

ICFP ina kundi la makala fupi linaloitwa ripoti za uzoefu, hadi kurasa 12, wakati makala kamili hufika 25. Huo ndio mlango wa watu wa kazini, na ningeupanua hata kama mathibitisho kadhaa yatakosa nafasi. Lakini ningedai kitu kimoja: waje pia walioziacha lugha hizi. Februari 1998, kitengo cha redio cha Ericsson kilipiga marufuku Erlang kwa bidhaa mpya. Mwaka huohuo, Ericsson hiyohiyo ikatangaza AXD301, swichi ya mitandao ya mawasiliano, iliyokuwa na zaidi ya mistari milioni moja ya Erlang ndani yake. Lugha haikufukuzwa kwa kushindwa kazi. Uongozi ulitaka kampuni iwe mnunuzi wa teknolojia za programu, isiwe mtengenezaji wake, na hakuna thibitisho la mfumo wa aina ambalo lingeugeuza uamuzi huo. Desemba Erlang ikatolewa bure kwa umma, na Armstrong na wenzake wakaondoka wakaanzisha kampuni yao. Mhandisi aliyekuwamo kwenye kikao cha uamuzi wa namna hiyo, akikubali kusimulia kilichosemwa, mimi ningempa saa nzima ya ukumbi mkuu.